Jike Halijulikani

Karafuu ikishafunua haina bei.
Hilo kila mtoto wa Konde analijua
kabla hajajua kuandika jina lake.
Ndiyo maana Faki Asaa, kwenye tagaa la mwisho,
aliponiona chini na wavu wangu wa chandarua
alicheka mpaka mkarafuu ukatikisika:
"Da Mize, huku yamebaki maua tu,
yaliyotuponyoka. Njoo uchume hasara!"

Nikapanda kuichuma.
Na hapo, mbele ya ua lililochanua bila soko,
alikuwa amesimama hewani
kama msumari uliopigiliwa kwenye mwanga,
hasogei mbele, harudi nyuma,
ila mabawa yamegeuka moshi.

Nyigu, ningesema. Miraba ya manjano, kiuno chembamba,
vitisho vyote vya nyigu kavivaa.
Lakini nyigu ana mabawa manne. Huyu ana mawili,
na mahali pa yale mengine
vijinyundo viwili, vidogo kuliko punje ya mtama,
vya kujipimia asipinduke.
Watoto wa pale wanamwita nyuki wa kuazima.
Humfumbata kiganjani wakatishana naye;
walijua hana mwiba
kabla yangu mimi na shahada yangu.

Nilimtia chupani. Alichelewa kufa.
Mmoja hufa ili wote wapate kuitwa.

*

Chumba changu cha Chake kina dirisha moja, hadubini moja,
na umeme unaoondoka kama mgeni asiyeaga.
Kwenye bawa lake, chini ya lenzi,
upo mshipa usioanza popote wala kuishia popote.
Mkunjo tu. Vitabu vinauita mshipa wa uongo,
na uongo huo ndio unaothibitisha ukoo wake.

Nikahesabu. Nywele za uso nyeusi;
yule wa bara anazo za manjano.
Paja la nyuma lina meno saba.
Yule wa bara hana hata moja.
Kisha, Mungu anisitiri, nikakichemsha kitako chake
kwenye maji ya magadi, nikazifunua siri zake kwa sindano,
maana kwa nzi siri ndiyo kitambulisho,
na barua ya wakubwa ilishauliza mara mbili:
Una hakika si yule yule?

Nina hakika.
Siku kumi na moja niliogopa kuyaandika maneno hayo mawili.

*

Mama aliniletea uji, akainama kuchungulia.
Miaka thelathini kachambua karafuu jamvini,
konyo huku, karafuu huku,
na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu ila uzito.
Alitazama sana. Uji ukapoa.

"Kumbe ndiye huyu," akasema.
"Hunitua mkononi, ananinywa jasho.
Ila wangu mnene kidogo, na miraba yake imefifia,
na macho hayakukutana utosini kama ya huyu."

"Lini, mama?"

"Lini? Kila msimu."

Rasimu ilikuwa mezani, wino haujakauka:
Dume: moja, Konde, Pemba, juu ya mkarafuu.
Jike: halijulikani.
Mahali pa jina nimeacha nafasi.

Sikulifuta lile neno.
Kanuni haipokei ushahidi wa mkono uliotuliwa,
inataka mwili, pini na tarehe.
Nami nilikaa nalitazama, halijulikani, halijulikani,
nikijiuliza: kwa nani?

Msimu huu sipandi.
Faki ananiita juu, ananicheka, simjibu.
Nimekaa jamvini kando ya mama,
konyo huku, karafuu huku,
mkono mmoja wazi juu ya goti,
naomba jua lizidi kidogo
nitoke jasho.